Wodi ya Wazazi Si Kituo cha Polisi

Miongoni mwa mambo ambayo nchi yetu ina haki ya kujivunia katika miaka ya karibuni ni kupungua kwa vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha vifo 104. Hizo si namba za kubeza. Nyuma yake wako wauguzi, wakunga na matabibu waliokesha, viko vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, na wako wananchi waliochangia nguvu zao na mali zao.

Hata hivyo, mkulima hodari hahesabu magugu aliyokwisha kuyang'oa, hutazama yaliyobaki. Na miongoni mwa yaliyobaki liko moja ambalo hatulizungumzi waziwazi, kwa sababu limekaa mahali ambapo tiba na sheria hugongana. Nalo ni hali ya mwanamke ambaye mimba yake inaharibika yenyewe, akafika hospitali kutaka kuokolewa, naye akapokewa kama mtuhumiwa.

Makala haya hayakusudii kuamua ubishi mkubwa wa kutoa mimba, ambao viongozi wa dini, wanasheria na waganga wanao, na wataendelea kuwa nao. Hoja yake ni nyembamba zaidi. Sheria inayokataza kutoa mimba, iwe nzuri au mbaya, haikutungwa kumgusa mwanamke ambaye hakutoa mimba. Pale inapomgusa, ama kwa hofu ama kwa kutoeleweka, hapana budi wenye dhamana waifafanue.

Mimba huharibika zenyewe

Jambo la kwanza ambalo kila mtumishi wa umma na kila mwalimu anapaswa kulifahamu ni kwamba kuharibika kwa mimba si jambo la ajabu. Wataalamu wa uzazi wanakadiria kuwa katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambuliwa, kati ya 10 na 20 huharibika zenyewe, na nyingi kati ya hizo huharibika katika miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya hizo za mwanzo huwa na kasoro katika chembe za urithi tangu siku mimba ilipotungwa, kasoro ambayo hakuna mama, mganga wala mkunga awezaye kuizuia. Nyingine husababishwa na maradhi tunayoyajua vizuri katika nchi hii, kama vile malaria, kaswende na kisukari. Nyingine hutokana na mlango wa kizazi kulegea kabla ya wakati. Kwa hiyo katika ofisi yenye watumishi wanawake wengi, au katika chumba cha walimu wa shule kubwa, ni vigumu kukosa mtu aliyepatwa na msiba huu akaubeba kimya kimya.

Mimba inapoharibika, mara nyingine kila kitu hutoka na mwili hupona wenyewe. Mara nyingine mabaki husalia ndani ya kizazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mabaki hayo huleta mambo mawili: damu isiyokoma, na maambukizo ambayo yakiingia katika mfumo wa damu yanaweza kumwua mtu kwa muda wa siku chache, pengine saa chache. Tiba yake inajulikana. Ni kusafisha kizazi kwa pampu ndogo ya mkono au kwa vidonge vya misoprostoli, kutoa dawa za kupambana na vijidudu, na kumwongezea damu aliyepungukiwa. Kazi ya pampu hiyo haihitaji daktari bingwa. Tabibu au muuguzi mkunga aliyefundishwa anaiweza.

Sasa na tuzingatie jambo hili. Tiba hiyo ni ile ile kwa mwanamke ambaye mimba yake imetoka yenyewe, na kwa yule aliyeitoa kwa siri ikabaki nusu. Vifaa ni vile vile na vidonge ni vile vile. Tena vidonge hivyo hivyo ndivyo vinavyosaidia kuzuia damu baada ya mama kujifungua. Dalili nazo hufanana. Hata daktari bingwa, akimpima mwanamke wa namna hiyo, mara nyingi hawezi kusema kwa yakini kama mimba ilitoka au ilitolewa, isipokuwa akute jeraha au kitu kilichoingizwa kizazini. Kama daktari bingwa hawezi, askari wa zamu atawezaje?

Neno moja, mambo mawili

Katika Kiswahili, kati ya kutoka na kutoa kuna herufi moja tu. Tukisikia kwamba mimba ya fulani imetoka, tunakwenda kumpa pole. Tukisikia kwamba fulani ametoa mimba, tunaanza kunong'onezana, na pengine tunapiga simu polisi. Lakini mama anapofikishwa zahanati usiku, nguo zimelowa damu, herufi hiyo moja haionekani popote mwilini mwake.

Lugha ya sheria yetu inachanganya zaidi. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, ingawa kichwa cha kifungu kinataja kutoa mimba, maneno yenyewe ya kosa, kwa Kiingereza, yanazungumzia kusababisha mimba iharibike. Na neno lililotumika ni lile lile ambalo Mwingereza hulitumia anapompa pole mama aliyepoteza mimba. Waganga nao, katika vitabu vyao na katika mafaili ya wodi, wamezoea kwa miaka mingi kuandika neno ambalo raia hulielewa kuwa ni kutoa mimba, huku wao wakimaanisha mimba yoyote iliyotoka kabla ya wakati wake, hata kama ilitoka yenyewe. Basi mtu asiye mganga akilifungua faili la mgonjwa, anaweza kusoma kosa la jinai mahali palipoandikwa ugonjwa.

Sheria inasema nini?

Vifungu vinavyofahamika na wanasheria kwa namba 150, 151 na 152 vinaweka adhabu tatu: kifungo cha hadi miaka 14 kwa mtu anayekusudia kuiharibu mimba ya mwanamke kinyume cha sheria, hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na hadi miaka 3 kwa anayetoa dawa au kifaa huku akijua kwamba kitatumika kwa kazi hiyo. Kifungu kinachofahamika kwa namba 230 kinamkinga mtu anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa faida ya mgonjwa au ili kuokoa uhai wa mama.

Mtu akivisoma vifungu hivyo kwa utulivu, hataona mahali vinapomkataza muuguzi kumsafisha mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika. Kosa limejengwa juu ya kusudi. Pasipo kusudi la kuiharibu mimba, hakuna kosa. Na kuondoa mabaki ya mimba iliyokwisha kuharibika si kuiharibu mimba. Kama ni hivyo, hofu inatoka wapi?

Inatoka katika mambo mawili. La kwanza ni uzee na ufinyu wa maneno yenyewe. Sheria hizi ni za ukoo wa sheria ya Kiingereza ya 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa binadamu. Waingereza walituletea kanuni yao ya adhabu katika Tanganyika mwaka 1930, na mwaka tulipopata Uhuru, 1961, sheria hiyo mama ilikuwa imetimiza miaka 100. Wenyewe walibadilisha msimamo wao kwa sheria mpya ya 1967. Sisi tulibaki na maneno ya babu zao. Kifungu cha kinga kinazungumzia upasuaji, kwa kuwa enzi hizo vidonge vya leo havikuwapo. Kinazungumzia kuokoa uhai wa mama, lakini hakisemi hatari ifike wapi ndipo mganga aruhusiwe kuingilia kati. Ni kweli kwamba mahakama ya London ilimwachia huru mpasuaji Aleck Bourne mwaka 1938, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikafuata mwelekeo huo katika shauri la 1959. Lakini muuguzi wa zamu katika zahanati ya kijijini, aliye peke yake saa nane za usiku, hana maktaba ya hukumu. Anachokijua ni kwamba kuna miaka 14.

La pili ni wajibu wa kutoa taarifa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka mtu aliyejua kutendeka kwa kosa atoe taarifa kwa wakuu. Wako wanaoitafsiri sheria hiyo kana kwamba kila mwanamke anayetokwa na damu ni lazima aripotiwe. Hapo pana kosa la fikra. Kujua si kushuku. Tumekwisha kuona kwamba mganga, kwa macho yake na vipimo vyake, mara nyingi hawezi kujua. Damu peke yake ni dalili ya ugonjwa. Haiwezi kugeuzwa kuwa ushahidi.

Funzo la Galway

Ili tuone hofu hiyo inaweza kufika wapi, inafaa tuitazame nchi ambayo nayo iliirithi sheria ile ile ya 1861. Ireland iliendelea kuitumia baada ya kujitenga na Uingereza, na mwaka 1983 wananchi wake wakaongeza katika katiba kipengele kilichoyapa maisha ya mama na ya mtoto ambaye hajazaliwa haki sawa.

Tarehe 21 Oktoba 2012, Savita Halappanavar, daktari wa meno mzaliwa wa India mwenye umri wa miaka 31, alikwenda hospitali ya Galway akiwa na maumivu. Mimba yake ilikuwa ya wiki 17. Waganga waliona kwamba inaharibika na haitaokoka. Usiku huo chupa ilipasuka. Mama huyo, ambaye alikuwa akiitaka mimba hiyo, aliomba basi aondolewe mateso kwa kuimaliza. Alikataliwa, kwa sababu moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga, na waganga waliielewa sheria kuwa inawataka wangoje. Wakati wakingoja, vijidudu viliingia katika damu yake. Mimba ilitoka tarehe 24. Yeye alifariki dunia tarehe 28.

Tume iliyochunguza kifo hicho haikuilaumu sheria peke yake. Iliona pia kwamba mgonjwa hakufuatiliwa ipasavyo na kwamba dalili za maambukizo hazikushughulikiwa kwa haraka. Tusilifiche hilo. Lakini tume hiyo hiyo iliona kwamba waganga walikuwa wameweka macho yao kwenye moyo wa kijusi kuliko kwenye hatari iliyokuwa ikimnyemelea mama. Ndivyo hofu ya sheria inavyofanya kazi. Haimwambii mganga amwue mgonjwa; humwambia tu, ngoja kidogo. Na katika ugonjwa wa damu iliyoingiwa na vijidudu, kungoja kidogo ndiko kufa. Ireland ilitunga sheria mpya mwaka 2013, na tarehe 25 Mei 2018 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakakiondoa kile kipengele cha 1983.

Kilifi ni jirani

Asitokee mtu akasema kwamba hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2019, katika kaunti ya Kilifi kwenye pwani ya Kenya, msichana wa umri wa shule alishikwa na maumivu makali na kutokwa na damu akiwa mjamzito. Akaenda kwenye zahanati. Tabibu alimpima, akaona kwamba mimba imeharibika, akamtibu. Haikupita muda, polisi waliivamia zahanati hiyo, wakachukua kumbukumbu za matibabu, wakamkamata tabibu na mgonjwa wake kabla hajapona. Msichana alilazwa rumande, akatakiwa kutia saini maelezo ambayo hakuyakubali, akapelekwa kupimwa tena mwili wake bila ridhaa. Tabibu akashtakiwa kwa kutoa mimba, na mgonjwa akashtakiwa kwa kutolewa.

Mnamo Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliyafuta mashtaka hayo, ikasema kwamba kumkamata mgonjwa na mtabibu wake kwa namna ile ni kinyume cha Katiba, na kwamba mazungumzo ya mgonjwa na mganga wake ni siri inayolindwa. Hukumu ya Malindi haitufungi sisi, na hata huko kwao mambo haya yameendelea kubishaniwa. Lakini tunaweza kujiuliza swali moja la kibinadamu. Wasichana wa vijiji vile, waliomwona mwenzao akitolewa kitandani na kupelekwa mahabusu, wakipatwa na damu kesho watakimbilia wapi?

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wahenga walichukulia kwamba anayefunuliwa ni mkunga, si askari. Hapa kwetu, watafiti wa ndani na wa nje waliochunguza hali ya 2013 walikadiria kwamba mwaka huo wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara ya mimba zilizotolewa kwa siri, na kwamba wengine wanaokaribia 100,000 walipata madhara lakini hawakuipata tiba. Umbali na umaskini vina sehemu yao katika hesabu hiyo. Hofu na aibu navyo vina sehemu yao. Na katika foleni hiyo hiyo, mbele ya muuguzi yule yule anayewatazama kwa jicho lile lile, wamesimama maelfu ya wanawake ambao mimba zao zilitoka zenyewe.

Hoja ya upande wa pili

Wako watakaosema kwamba tukiwapokea wote bila kuwahoji, watoaji wa mimba watajificha nyuma ya msiba wa wenzao. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu lake ni kwamba kutibu si kuhukumu. Jambazi akipigwa risasi akifikishwa hospitali, waganga humtoa risasi. Dereva mlevi aliyepinduka na gari hufungwa jeraha kama abiria wake. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwatibu watu hao tumehalalisha ujambazi au ulevi barabarani. Mwenye kupeleleza ana njia zake: wako wauzaji wa dawa wasio na leseni, na wako waganga bandia wanaotumia vijiti na vyuma kwenye vyumba vya kupanga. Huko ndiko ushahidi uliko. Kumkamua mgonjwa anayeweweseka kwa homa, na kumnyima dawa mpaka aseme, si upelelezi. Maelezo yanayopatikana kwa njia hiyo hayana thamani mbele ya hakimu mwadilifu, na mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa Jamhuri, si wa mama aliyelala kitandani.

Yafanyike nini?

Kwanza, Wizara ya Afya iandike waraka mmoja mfupi, kwa Kiswahili chepesi, na kuubandika katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali. Useme kwamba mimba inayoharibika ni dharura. Kwamba tiba huanza mara moja bila maswali ya kuhukumu. Kwamba zikionekana dalili za maambukizo na mimba haina tumaini tena, mtabibu asingoje. Na kwamba mtumishi anayetibu kwa nia njema atalindwa na mwajiri wake. Muuguzi aliyeogopa hawezi kutibiwa hofu yake kwa semina za mjini peke yake. Anahitaji karatasi yenye mhuri ukutani.

Pili, maneno ya kwenye mafaili yasahihishwe. Mimba iliyotoka yenyewe iandikwe hivyo, na ile isiyojulikana chanzo chake iandikwe kuwa ni mimba iliyoharibika, basi.

Tatu, Jeshi la Polisi liwe na mwongozo wa wazi kwamba mgonjwa hahojiwi akiwa katika matibabu, na kwamba siri ya faili lake haichukuliwi kwa amri ya mdomo.

Nne, Tume ya Kurekebisha Sheria ikitazame upya kifungu cha kinga, ili kitaje dawa pamoja na upasuaji, na kieleze waziwazi kwamba kumhudumia mwanamke ambaye mimba yake inaharibika si kosa. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika, inayozitaka serikali zilinde afya ya uzazi. Heshima ya ridhaa hiyo ni kuiingiza katika maneno ya sheria zetu.

Wajibu wetu sisi

Lakini hayo ya wizara na tume yasitufanye tukae tukingoja. Mwalimu wa zamu au matroni wa bweni, akimkuta mwanafunzi anatokwa na damu na kujikunja kwa maumivu, kazi yake ya kwanza ni kumfikisha hospitali. Maswali ya nani, lini na kwa nini yatangoja. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua warudi shuleni, hakuna sababu ya shule kuendesha mahakama zake za siri juu ya matumbo ya watoto wa watu. Mkuu wa idara, akiletewa taarifa kwamba mtumishi wake amelazwa kwa sababu mimba imeharibika, asiiache ofisi igeuke baraza la umbea. Amwandikie ruhusa ya ugonjwa, aende akampe pole, na aifunge midomo ya wanaocheka.

Mwanamke aliyepoteza mimba amefiwa, ingawa hakuna kaburi la kuonyesha wala matanga ya kukaa. Tumzoee kumwita mfiwa, na tumpeleke kwa mganga kabla ya mtu mwingine yeyote. Waraka wa wizara utachukua muda kuandikwa. Hili laweza kuanza leo, katika kila ofisi na kila shule ambamo gazeti hili linasomwa.